Shingo Mikononi mwa Shangazi

"Moja," alisema Shangazi Sush. "Mbili."

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita, na Kornelius Loeppky hajasogea tangu wakati ule. Bado amekaa kwenye kiti cha jikoni, Jumapili saa tisa mchana, kidevu kiko kwenye kiganja kimoja cha shangazi yake, kisogo kiko kwenye kiganja kingine. Ikifika tatu, shingo inageuzwa.

"Shangazi, ngoja," alisema Neta, mkewe.

Hakusema kwa nguvu. Tangu Ijumaa Neta hakuwa anasema lolote kwa nguvu. Alikuwa kama mdomo uliochomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: unaongea, unakunywa chai, unatabasamu ukiambiwa, lakini ukijigusa unaona kama umemgusa mtu mwingine.

"Ningoje nini? Mikono imeshakaa."

"Jicho lake."

"Mimi nashika shingo, sishiki macho."

"Litazame tu, Shangazi."

Shangazi akainama. Kope la kulia lilikuwa limeshuka nusu, kama pazia lililokatika kamba upande mmoja. Mboni ya jicho hilo ilikuwa imesinyaa, punje ya haradali. Ya kushoto ilikuwa kubwa kama siku zote.

"Vumbi la ngano," alisema Kornelius. "Wiki tatu niko juu ya mashine ya kuvuna. Hata wewe ungefumba."

"Unafumba moja?"

"La pili nakuangalia nalo wewe, mke wangu."

Neta hakucheka. "Mwambie ulichoniambia asubuhi. Kuhusu sikio."

Kornelius akakohoa kidogo. "Nasikia mashine ya kukamulia maziwa. Humu, kwenye sikio la kulia. Inavuta, inaachia. Inavuta, inaachia."

"Ng'ombe mliuza lini?" aliuliza Shangazi.

"Mwaka wa sita huu."

Sebuleni watu wengine walikuwa kwenye kahawa ya Jumapili, na vile vimkate vya ghorofa, kimoja kimemkalia mwenzake kichwani. Mtu aliomba apewe jamu.

Aliyekosa wiki jana ajue hivi. Ijumaa Neta alikuwa anaendesha pikapu, Kornelius kakaa kulia kwake, wanapeleka kipuri shambani. Njia panda ya changarawe, vumbi, lori la ngano. Pikapu ikaenda kulala mtaroni. Wote wawili walitoka kwa miguu yao. Kornelius akasema shingo inavuta, pengine wapitie hospitali. Neta akasema hospitali ni kukaa saa sita kwenye viti vya plastiki, na kwa Shangazi Sush ni maili mbili. Wakaenda kwa Shangazi. Shangazi akaigeuza shingo, ikalia ka, wakashukuru, wakarudi kuvuna.

Kwa Wamenoni, wakulima wa kanisa moja la kale huko kusini mwa jimbo la Manitoba, hilo si jambo la ajabu. Shangazi Sush hana cheti, ana mikono. Bega likichomoka, kiuno kikikwama, mtoto akianguka toka kwenye farasi, gari linaelekea kwake lenyewe. Miaka hamsini. Hapokei ujira, anapokea viazi.

"Fungua vifungo vya shingo," alisema Shangazi.

"Shangazi, nimevaa hivi toka kanisani."

"Fungua, Kornelius. Nilikuogesha ukiwa na miezi minne."

Akafungua. Alama ilikuwa pale, pana kama vidole vitatu, rangi ya biringanya, imetoka chini ya sikio la kulia ikateremka mpaka mfupa wa bega. Mkanda wa gari.

Shangazi alitoa mikono yake taratibu, kama mtu anayetoa mikono kwenye beseni lililojaa mpaka juu.

"Ijumaa hii haikuwepo."

"Ijumaa haikuwa imeiva," alisema Kornelius.

"Siigusi tena shingo hii." Akaifuta mikono kwenye aproni. Neta aliitazama inavyofutwa bila kuhisi chochote. "Mpelekeni hospitali. Sasa hivi."

Mlangoni alikuwa amesimama Diedrich, kaka mkubwa wa Kornelius, mhubiri wa kanisa lao, kimkate mkononi. Alikuwa amesikia vya kutosha.

"Twendeni na gari langu," alisema. "Na njiani tutaongea."

*

Njiani aliongea yeye peke yake.

"Mwezi wa tatu Shangazi aliletewa barua ya serikali. Shemeji, uliiona. Wakisikia ameshika shingo nyingine, wanampeleka mahakamani. Ana miaka sabini na mitatu. Mnataka asimame mahakamani kwa ajili ya kichwa kuuma?"

"Mimi sitaki kitu," alisema Kornelius kutoka kiti cha nyuma. "Nataka kulala."

"Usilale," alisema Neta.

"Sisemi mtu aseme uongo," alisema Diedrich. "Nasema tusimwage kila kitu mezani."

Na hapo, msomaji, ndipo ugonjwa wenyewe ulipokaa. Watu hawa hawasemi uongo. Ukimuuliza Diedrich Loeppky saa ngapi, anatoa saa mfukoni ahakikishe kwanza. Lakini mtu asiyesema uongo hujifunza kuuchagua ukweli, na Diedrich alikuwa anauchagua kama mkewe anavyochagua matango ya kuweka kwenye siki.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Leona Spence, Mkrii, wa wale wenyeji wa asili wa kaskazini huko kwenye maziwa, nywele kasuka mkia mmoja mpaka kiunoni. Alimwangalia Kornelius kabla hajakaa.

"Mzee Loeppky, umeanza lini kunikonyeza?"

"Tangu jana," alisema Kornelius. "Nisamehe, mke wangu yupo."

"Kichwa kinauma wapi?"

"Hapa. Nyuma ya jicho. Na hapa chini."

"Umeanguka?"

Diedrich akajibu: "Hajaanguka." Kweli tupu.

"Umegongwa na kitu kichwani?"

"Hakuna kilichomgonga kichwani." Kweli tena.

"Hajalala vizuri wiki tatu," aliongeza Diedrich. "Yuko kwenye mashine ya kuvuna saa kumi na sita kwa siku. Vumbi tupu." Kweli, kweli, kweli.

Neta alikuwa anatazama dari. Vigae vilikuwa na vitundu vidogo vidogo. Alianza kuvihesabu. Alijua kwamba mahali fulani ndani yake kuna mwanamke anayepiga kelele, lakini kelele zilikuwa zinasikika kama redio ya jirani.

Daktari alimulika macho yote mawili. Akamwambia atabasamu, ainue mikono, asukume, avute. Vyote sawa. Kola ya Kornelius ilikuwa imefungwa mpaka kifungo cha juu. Diedrich ndiye aliyeifunga tena, pale kwenye maegesho ya magari, kama mama anayempeleka mtoto shule.

"Hili jicho silipendi," alisema daktari. "Tupige picha ya kichwa."

Picha ikapigwa. Ikarudi safi.

"Hakuna damu, hakuna ufa," alisema. Alikuwa ameshika kalamu, haandiki. "Nitawapa dawa ya maumivu, na kesho aonwe na mtu wa macho. Lakini kuna kitu hamniambii."

Akasubiri kidogo, akaitwa chumba kingine, akatoka.

*

Karatasi za kuruhusiwa zililetwa na muuguzi, mama mfupi wa Kifilipino, jina kifuani Marivic. Akaanza kutoa kile kifunga cha kupimia presha mkononi mwa Kornelius.

Diedrich alimgeukia Neta, akasema kwa Kijerumani chao cha nyumbani, kile ambacho hakiandikwi na ambacho serikali haikielewi: "Unaona? Picha safi. Twende nyumbani. Ukitaja barabara, atauliza Ijumaa mlikwenda wapi. Mkisema mlikokwenda, Shangazi kwisha."

"Diedrich," alisema Neta kwa lugha hiyohiyo, "sikio lake."

"Sikio litapona. Nyamaza tu mpaka tufike garini."

Marivic alikunja kile kifunga presha taratibu, akakiweka kwenye kikapu chake. Halafu akasema, kwa Kijerumani kilekile cha nyumbani, tena kile cha vijiji vya magharibi ambacho ni kizito zaidi:

"Mhubiri, mimi nimeolewa kwa akina Wiebe mwaka wa kumi na saba huu. Mama mkwe wangu hajui neno la Kiingereza. Ulidhani tunaongea kwa mikono?"

Kornelius akacheka mpaka akashika kichwa. Diedrich alikuwa mwekundu toka shingoni kwenda juu.

"Bega hili," alisema Marivic, akajigusa, "alilirudisha Shangazi Sush. Nilianguka kwenye barafu, nikaenda kwake badala ya kuja hapa ninapofanya kazi. Kwa hiyo msinielezee mimi Shangazi ni nani." Akamgeukia Neta. "Dada. Ijumaa mlikwenda wapi?"

Neta akamtazama Diedrich.

"Mimi siwezi kwenda kumwambia daktari maneno niliyoyasikia kwa wizi," alisema Marivic. "Sema wewe. Lakini sema kabla sijampa huyu viatu vyake."

"Shemeji," alisema Diedrich. "Familia mia tatu zinamtegemea yule mama."

Neta alimtazama mumewe. Kope limeshuka. Kifungo cha juu kimefungwa. Alinyoosha mkono, akakifungua. Akafungua cha pili. Mkono ulifanya wenyewe, yeye aliuona tu unavyofanya. Biringanya lilikuwa limepanuka tangu mchana.

"Mama yangu wee," alisema Marivic, akatoka mbio kumwita daktari.

Daktari Spence alisimama mlangoni, akaiona shingo, hakuuliza habari. "Mkanda wa gari. Lini?"

"Ijumaa saa nne asubuhi," alisema Neta. Sauti yake ilikuwa kama anasoma orodha ya kwenda dukani. "Nilikuwa naendesha mimi. Lori lilitoka kwenye vumbi. Anasikia mapigo sikioni tangu jana asubuhi. Alitaka kuja hapa siku ileile. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimpeleka kwa shangazi yake akageuzwa shingo. Iligeuzwa mara moja, upande wa kushoto. Leo alitaka kuigeuza tena, akaacha mwenyewe."

"Shangazi yake nani?"

Diedrich alifumba macho.

"Susanna Loeppky," alisema Neta.

"Nitaandika."

"Andika."

Daktari alikuwa ameshatoka. Walimsikia koridoni: "Rudisheni kitanda kwenye mashine ya picha. Shingo, mishipa yote, na dawa ya rangi. Tumbo pia. Msimruhusu atembee hata hatua moja. Mvisheni kola ngumu ya kushikilia shingo."

Diedrich hakumpigia Neta kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema polepole, "Umefunga mlango wa watu wengi leo," akachukua kofia yake, akaenda nje kupiga simu.

Neta alijaribu kuyasikia maneno yale. Alijua ni maneno ya kuuma. Akakumbuka kwamba ameacha jagi la krimu nje ya friji.

*

Kabla ya mashine, Marivic alimpa Kornelius kikombe cha karatasi asukutue mdomo. Alikipokea kwa mkono wa kushoto. Kikombe kikaenda chini.

"Samahani," alisema. "Kimeteleza."

Marivic akampa kingine. Hicho nacho kikaenda.

"Mzee, nibane kidole. Huu mkono. Bana."

"Nabana."

"Bana zaidi."

"Nimeshabana, mama. Unataka nikivunje?"

Marivic alimtazama Neta juu ya kichwa cha Kornelius, akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana. Kisha akasukuma kitanda kwa namna ambayo wauguzi husukuma wakati hawataki kuonekana wanakimbia.

Baada ya dakika kumi mkono ulirudi. Kornelius alikuwa anauchezesha na kuonyesha watu: "Si huu hapa? Ulikuwa umelala tu." Lakini daktari alikuwa ameshaziona picha, na alikuja akavuta kiti, akakaa. Neta aliona kile kiti akajua. Madaktari wenye habari njema hawakai.

"Mzee Loeppky, wewe ni mkulima. Unalijua lile bomba la mashine ya kupulizia dawa shambani? Lile la tabaka mbili?"

"Ninazo mita sitini."

"Likichanika ndani, nje zima, inakuwaje?"

"Unaona halina kitu," alisema Kornelius kupitia kola ngumu. "Lakini mpira wa ndani unabanduka, maji yanaingia katikati, unavimba, unaziba njia. Halafu unakatikakatika. Vipande vinakwenda kuziba matundu ya kupulizia."

"Basi ndiyo shingo yako. Mshipa mkubwa wa kulia umechanika tabaka la ndani. Mkanda uliubana kwenye mfupa. Kipande cha damu iliyoganda ndicho kilichokuangushia vile vikombe. Matundu ya kupulizia ni ubongo."

"Na shangazi yangu?" aliuliza Kornelius.

"Siwezi kukuambia mkanda ulifanya kiasi gani na mikono kiasi gani. Ninachojua, angeigeuza shingo leo mara ya pili, pengine tusingekuwa tunaongea mimi na wewe."

"Aliacha mwenyewe," alisema Kornelius. "Hilo nalo uandike."

"Nitaandika na hilo."

"Dawa yake nini?"

"Ya kuzuia damu isigande. Mshipa ukikaa wiki na miezi bila damu kuganda ndani yake, mara nyingi hujiponya. Usipojiponya, huko mjini wanaingiza kijibomba cha waya kuushikilia."

"Basi niwekee hiyo dawa, nirudi shambani."

"Kuna jambo la pili."

Kiti hakikusogea. Neta alivitazama viatu vya daktari. Viatu vya mpira vya kijani, na kimoja kilikuwa na doa la kahawa.

"Mkanda wa chini ulikubana tumbo. Bandama ina ufa, upande wa kushoto chini ya mbavu. Ilivuja kidogo Ijumaa, ikajifunga yenyewe. Imejifunga kwa sababu damu iliganda pale."

Kornelius alifikiri. Alikuwa mtu wa mashine, alikuwa anaiona mashine yote. "Huku juu mnataka isigande. Huku chini mnataka igande."

"Ndiyo."

"Na ni damu moja."

"Ndiyo tatizo lenyewe. Nimeongea na daktari wa upasuaji Winnipeg. Anasema tuanze dawa kwa dripu, polepole, bila dozi kubwa ya mwanzo, ili tukiona presha inashuka tuzime. Bandama ikikataa, huko wanaweza kuifunga au kuitoa. Hapa mimi siwezi. Helikopta imeshaitwa, dakika hamsini. Nikikuwekea, unaweza kutokwa damu kabla haijafika. Nisipokuwekea, kinaweza kuja kipande cha pili cha damu iliyoganda, kikubwa kuliko cha kwanza. Una haki ya kuchagua."

Kornelius aligeuza macho, kwa sababu kichwa kilikuwa hakigeuki. Jicho zima na jicho nusu, yote yakamtafuta mkewe.

"Muulizeni Neta," alisema. "Yeye ndiye dereva."

Alikuwa anatania. Miaka ishirini na sita amekuwa akitania hivyohivyo kila Neta akishika usukani. Mdomo wake haukuwa umepata habari za Ijumaa.

Marivic akainamia dripu ambayo haikuwa na shida yoyote.

Neta alisubiri lile neno limchome. Lilipita. Aliliona linavyopita, kama unavyoona treni ya mizigo, behewa baada ya behewa, wewe umesimama kwenye kizuizi na injini umezima.

"Kile kipande cha pili," aliuliza, "kikija, kinachukua nini?"

"Upande wa kushoto wote. Au yeye mwenyewe."

"Na bandama ikipasuka?"

"Tuna damu ya kumwongezea. Si nyingi."

"Basi wekeni."

"Una hakika, mama?"

"Hapana," alisema Neta. "Wekeni."

*

Pampu ikaanza saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Ilikuwa na taa ndogo ya kijani. Nje jua lilikuwa bado kali, kwa kuwa kiangazi huko huchelewa kuzama, na kwenye shamba la ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anavuna, Jumapili, na Neta akajikuta anamlaumu kwa mazoea tu.

Diedrich alirudi. Alikuwa na vikombe viwili vya kahawa ya mashine, kimoja akampa Neta bila kumtazama. Akakaa. Akamaliza chake, akatoa mbegu za alizeti mfukoni, akaanza kuzivunja kwa meno na kutema maganda kwenye kikombe chake kitupu.

"Nimeongea na Shangazi," alisema mwishowe.

"Amesemaje?"

"Amesema angekuja kusema mwenyewe, kama tungempa nafasi kwenye gari." Akatema ganda. "Amesema alikuwa ameshavaa koti. Alisimama uani anatuangalia tunavyoondoka."

Neta alikunywa kahawa. Ilikuwa ya moto sana, alijua kwa kuuona mvuke tu.

"Shemeji, mimi nilidhani namlinda," alisema Diedrich.

"Na mimi nilidhani nawahi," alisema Neta.

Walikaa hivyo, wawili, kama watu waliobeba kabati zito wakalitua katikati ya ngazi.

Ile mashine ya presha ilijikaza yenyewe kila baada ya dakika tano. Mia na kumi na nane. Mia na kumi na mbili. Marivic aliandika. Mia na nne.

"Unajisikiaje?" alimuuliza Kornelius.

"Kiu. Na mtu kanikalia bega la kushoto."

Marivic aliweka kalamu mfukoni. "Daktari," aliita, bila kupandisha sauti.

Tisini na sita.

Daktari Spence aliingia, akaweka vidole chini ya mbavu za kushoto, akabonyeza kidogo. Kornelius akavuta pumzi kwa meno. Ngozi yake ilikuwa na umande.

"Bandama," alisema daktari. "Imefunguka. Leteni damu. Helikopta?"

"Dakika ishirini na sita," alisema Marivic.

"Nazima dawa."

Akanyoosha mkono kwenye pampu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

"Neta," alisema Kornelius. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yanatoka upande mmoja wa mdomo. "Mbona umenilalia tumboni?"

"Sijakulalia. Niko hapa."

"Mkono wako. Ni mzito."

Neta aliinua mikono yake yote miwili, akamwonyesha. Kornelius aliitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za wajukuu wa jirani. Kisha akapeleka mkono wake wa kulia tumboni, akaukamata ule wa kushoto kwenye kifundo, akauinua. Vidole vilining'inia. Akaupeleka kwa mkewe, juu ya shuka, taratibu, asiudondoshe.

"Huu hapa," alisema. "Umeusahau kwangu. Chukua."

Diedrich aliacha kutafuna.

Kidole cha daktari kilisimama: kile kipande cha pili kilikuwa kimeshafika. Hakikubonyeza. Hakikuondoka. Ile mashine ilianza tena kujikaza mkononi mwa Kornelius, ikaguna, ikaachia. Themanini na tisa.

"Mama Loeppky," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya umri wake.

Neta hakumsikia. Mumewe alikuwa bado amenyoosha, anasubiri, anaanza kuchoka. Neta akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante," alimwambia.

Ulikuwa wa moto, na haukumshika.